Eti Ni Hesabu ya Darasa la Nne

Mwambie developa yeyote kwamba mradi wako umeingiza maktaba nzima ya programu kwa ajili ya kubadili taimukodi kuwa namba ya fremu, na namba ya fremu kuwa taimukodi. Atakutazama kwa huruma. "Kaka, hiyo si kugawanya tu?" Kisha, bila kuombwa, atafungua kompyuta na kukuandikia mistari kumi ambayo, kwa maelezo yake, inamaliza kazi yote. Mistari hiyo nimeikuta kwenye programu za manukuu, kwenye vikokotoo vya wahariri wa video, hata kwenye mifumo ya kupanga vipindi vya televisheni. Mwandishi hubadilika, mistari ni ile ile na makosa ni yale yale.

Tuieleze hoja yao kwa haki, maana si ya kijinga. Taimukodi ni tarakimu nane zinazotaja saa, dakika, sekunde na fremu: 01:23:45:10. Ukijua video ina fremu 25 kwa sekunde, unageuza saa na dakika ziwe sekunde, unazidisha kwa 25, unaongeza zile fremu 10 za mwisho, umemaliza. Kurudi ulikotoka unagawanya na kuchukua baki. Mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kwa nini basi uutwike mradi wako tegemezi jingine, la mtu usiyemjua, anayeweza kulitelekeza siku yoyote? Wanaosema hivyo wana ushahidi mkononi. Machi 2016 mwandishi wa left-pad, kipande cha mistari 11 cha kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, alikiondoa kwenye npm, hazina ya maktaba za JavaScript, na programu nyingi duniani zikagoma kujengwa siku hiyo. Tangu hapo kila anayependekeza maktaba ndogo husomewa kisa hicho, na mjadala unafungwa.

Mimi naufungua. Sina ugomvi na urahisi wa hesabu yao. Kugawanya ni rahisi kweli. Ugomvi wangu ni kwamba wanahesabu kitu ambacho hawajakiangalia. Wanaiona taimukodi kama muda, kwa sababu imevaa nukta pacha za saa. Taimukodi ni jina la fremu. Majina hutolewa kwa kanuni, na kanuni hizo zina historia, zina mianya na zina marufuku, na hakuna hata moja kati yake unayoweza kuigundua kwa kugawanya.

1. "Ni kugawanya tu"

Kugawanya kwa ngapi?

Mwaka 1953 Marekani iliidhinisha televisheni ya rangi kwa sharti kwamba vile vipokezi vya picha nyeusi na nyeupe vilivyokwisha kununuliwa viendelee kufanya kazi. Wimbi la rangi likawa jirani na wimbi la sauti, na mawili hayo yakiingiliana yangechora vimelea vya picha kwenye kioo. La sauti, lililokaa megahezi 4.5 juu ya lile la picha, wahandisi hawakutaka kuligusa. Wakaigusa picha yenyewe: kasi ya kuchora mistari ikafanywa megahezi 4.5 kugawanya kwa 286, na zile fremu 30 za kila sekunde zikapunguzwa kwa moja katika elfu. Ndiyo 29.97 unayoiona kwenye menyu. Hata hiyo 29.97 imefupishwa kwa ajili ya macho yako, kwa sababu thamani yenyewe ni 30,000 juu ya 1,001, na desimali zake haziishi. Vituo vikuu vya Marekani vilizima matangazo ya analojia Juni 2009. Sababu ya 29.97 ikazikwa, 29.97 ikabaki.

Taimukodi ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwekewa kiwango na SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha huko huko Marekani, haikuwa na namna ya kuandika fremu 29 na desimali zake. Inahesabu 30 kwa kila sekunde inayoitaja, basi. Saa moja ya ukutani ina fremu 107,892. Saa moja ya taimukodi inadai 108,000. Ukiacha hivyo, saa kamili ikitimia mashine itasomeka 00:59:56:12, na mpangaji wa vipindi ataamini amebakiwa na sekunde tatu na ushei wakati hana kitu.

Dawa iliyobuniwa ni kuruka majina. Kila dakika inapoanza, namba 00 na 01 za fremu hazitolewi, isipokuwa kwenye dakika inayogawanyika kwa kumi. Baada ya 00:00:59;29 inakuja 00:01:00;02. Hakuna picha iliyotupwa. Fremu zote zipo, ila majina mawili hayana mwenyewe. Dakika 54 katika saa, mara majina mawili, ni 108. Hesabu imekaa. Kwenye menyu ya kamera mtindo huu huandikwa DF, na kwa kawaida nukta pacha ya mwisho hugeuzwa nuktamkato ili msomaji ashtuke. Wengi hawashtuki.

Ukitazama vizuri, hii ni kalenda. Februari inapata siku ya 29 kila mwaka wa nne, isipokuwa miaka ya mamia, isipokuwa tena ile inayogawanyika kwa 400. Sasa mwulize bwana wa mistari kumi kama tarehe kwenye programu yake anazihesabu mwenyewe. Atashangaa swali. Tarehe anatumia maktaba, bila shaka, kwa sababu tarehe "zina mambo". Anakumbuka pengine kwamba tarehe 31 Desemba 2008 vicheza muziki vya Zune vya gigabaiti 30 viliganda duniani kote kwa sababu kipande kimoja cha msimbo hakikujua la kufanya na siku ya 366. Kalenda yenye kanuni tatu anaiogopa. Kalenda yenye kanuni mbili, ambayo hajawahi kuisoma, anaiandika kabla ya chai ya saa nne.

Na tumwone akiiandika. Anachukua namba ya fremu, anaigawanya kwa 29.97, anapata sekunde. Sehemu ya desimali anaizidisha kwa 29.97, anakata kinachozidi namba kamili, na hiyo ndiyo fremu yake. Safi kabisa kwa macho. Mpe fremu ya 1018, tukihesabu kuanzia sifuri. Anajibu 00:00:33:28, na ni sahihi. Mpe inayofuata, ya 1019. Anajibu 00:00:34:00. Namba 00:00:33:29 imemezwa. Katika mfumo unaoruka fremu hiyo ni 33:29. Katika usioruka ni 33:29 vilevile. Mistari kumi imebuni mfumo wa tatu, unaoruka namba mahali panapoupendeza, na ambao hautambuliwi na kamera yoyote wala kiwango chochote duniani. Songa mbele hadi fremu ya 1799. Msimbo wake unaiita 00:01:00:00, jina ambalo katika mfumo unaoruka ni marufuku, na katika usioruka ni la fremu ya jirani. Kukosea mfumo mmoja ni jambo la kawaida. Kukosea yote miwili kwa jibu moja kunahitaji kipaji.

Wajanja kidogo hujirekebisha kwa kanuni hii: kasi ikiwa na desimali, ruka namba. Hao nao wana lao. Kamera za sinema hurekodi fremu 24,000 juu ya 1,001 kwa sekunde, yaani 23.976, yenye desimali tele, na kiwango hakina mtindo wa kuruka kwa kasi hiyo. Zaidi ya hapo, programu nyingi za kuediti huionyesha kwa kifupi kama 23.98. Anayeichukua hiyo 23.98 na kuitumia kwenye hesabu atakuwa amepotea kwa fremu 14 ndani ya saa moja, zaidi ya nusu sekunde, na hajafanya kosa lolote isipokuwa kuamini kilichoandikwa kwenye skrini.

2. "Hayo ni ya Wamarekani, sisi huku ni 25"

Hii ndiyo hoja ya nyumbani, na husemwa kwa kujiamini sana. Umeme wetu ni wa hezi 50. Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini hivi kabla Bara haijapata kituo chochote, ilirusha kwa PAL, fremu 25 kamili kwa sekunde. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, lakini 25 ikabaki kuwa kasi ya matangazo. Namba kamili, haina mkia. Kwa hiyo, husema, hayo ya kuruka majina waachieni wenyewe.

Ningewaachia kwa furaha, kama wangekuwa wanayaacha kwao. Fungua folda ya harusi yoyote iliyopigwa mjini mwaka huu. Kamera kubwa imewekwa 25. Ya pili ilitoka kwa ndugu aliyerudi kutoka Marekani, na menyu yake bado iko NTSC, mfumo wa Marekani, kwa hiyo ni 29.97. Droni iko 23.976 kwa sababu kijana aliyeirusha anapenda "muonekano wa sinema". Na kuna video ya simu ya shangazi, ambayo ndiyo pekee iliyonasa bibi harusi akilia. Simu hiyo haina hata kasi moja. Mwanga ukipungua ukumbini inazichelewesha fremu, ukirudi inaziwahisha. Namba ya fremu ukiigawanya kwa chochote kile hapo haikupi muda wowote wa kweli. Unahitaji kusoma alama ya muda ya kila fremu, moja moja. Mistari kumi haijui hivyo, na haiulizi. Inagawanya.

Kwenye harusi hiyo hiyo kuna jingine. Kamera kubwa imefungwa taimukodi inayofuata saa halisi ya siku, kama wapigaji wazoefu wanavyopenda. Sherehe za kwetu hazijawahi kuisha kabla ya saa sita usiku. Keki inakatwa taimukodi ikiwa 23:59:58:00, mkato unaishia 00:00:04:00. Toa ya mwanzo kwenye ya mwisho. Mistari kumi itakuambia tukio hilo lilichukua muda ulio chini ya sifuri kwa karibu siku nzima. Kuna programu zinazokataa kulifungua faili la namna hiyo, na kuna nyingine, mbaya zaidi, zinazolifungua.

Upande wa manukuu hali ni ile ile. Filamu iliyopigwa kwa fremu 24 ikirushwa kwa PAL kwa desturi ya zamani huongezwa mwendo tu ifike 25, na saa mbili zake zinakuwa saa moja, dakika 55 na sekunde 12. Manukuu ya Kiswahili yaliyotengenezwa juu ya nakala ya 24 yakibandikwa kwenye ile ya 25 yanaanza vizuri, yanachelewa kidogo baada ya dakika chache, na mwishoni muuaji anakiri watazamaji wakiwa bado wanasoma maneno ya mpelelezi. Anayeuza filamu hizo kibandani hajui 24 wala 25. Anajua tu kwamba wateja wanarudisha.

Lakini tuseme wewe ni mtu wa 25 kweli, kwa kiapo, kuanzia kamera hadi antena. Faili lako la manukuu limeandikwa kwa sekunde: neno lianze kwenye 1.16. Fremu moja ni sekunde 0.04, kwa hiyo 1.16 ni mwanzo wa fremu ya 29 kamili, hakuna ubishi. Fungua Python au JavaScript uiulize 1.16 mara 25. Jibu ni 28.999999999999996. Kata desimali kama mistari kumi inavyofanya, unabaki na 28. Kompyuta haikuchanganyikiwa, 1.16 haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu za 0 na 1, kwa hiyo imehifadhi jirani yake wa karibu. Fremu yako imerudi nyuma, ndani ya PAL, bila Mmarekani hata mmoja kuhusika.

"Basi usikate, kadiria kwenye namba kamili iliyo karibu." Nilijua utasema hivyo. Chukua sekunde 1.15. Mara 25 ni 28.75, ukikadiria unapata 29. Ila kwenye sekunde 1.15 kioo bado kinaonyesha fremu ya 28, kwa sababu hiyo inakaa kuanzia 1.12 hadi 1.16. Kukata kumekosea kwenye mfano wa kwanza, kukadiria kumekosea kwenye wa pili, na zote ni hesabu za darasa la nne zilizofanywa bila kosa. Huwezi kuchagua kati yake mpaka ujue namba uliyopewa ni mpaka wa fremu au ni wakati wowote tu ulioangukia katikati. Hilo ni swali, na mistari kumi haina mahali pa kuliuliza.

Waliofikiri juu ya jambo hili kwa miaka mingi waliacha desimali kabisa. QuickTime iligawanya sekunde vipande 600 kwa desturi, kwa sababu 600 inagawanyika kwa 24, 25 na 30. MPEG ina saa ya 90,000, ambamo fremu moja ya 25 ni vipande 3,600 na fremu moja ya 29.97 ni 3,003 kamili. FFmpeg hubeba kasi kama namba mbili kamili, ya juu na ya chini. Mwaka 2018 Facebook ilitoa kipimo kiitwacho flick, kipande kimoja kati ya 705,600,000 vya sekunde, kilichochaguliwa ili kasi zote hizi, pamoja na zile za 1,001, ziingie bila baki. Watu wazima walikaa wakatafuta namba hiyo. Hawakuwa wamekosa kazi.

3. "Fremu moja nani anaiona?"

Umoja wa vituo vya utangazaji vya Ulaya, EBU, katika pendekezo lake R37, unaruhusu sauti iitangulie picha kwa milisekunde 40 au ichelewe kwa 60, kuanzia studio hadi kwa mtazamaji. Fremu moja ya 25 ni milisekunde 40. Kosa lako dogo lisiloonekana na mtu limekula posho yote ya upande mmoja, na bado antena, kisimbuzi na televisheni yenyewe havijachukua vyao.

Kisha kosa la fremu moja halikai peke yake. Mhariri anatuma orodha ya mikato kwa muundo wa CMX 3600, ule wa zamani ambao bado unazunguka kila mahali. Katika orodha hiyo, klipu inayoanza 01:00:00:00 na kuishia 01:00:02:00 ina fremu 50, kwa sababu namba ya mwisho haihesabiwi. Mistari kumi ya upande wa pili inaihesabu, inapata 51. Katikati ya mikato miwili inazaliwa fremu moja ya ziada, ya picha iliyotakiwa kuwa imekwisha, au fremu moja nyeusi. Na hiyo, kinyume na hoja yao, inaonekana na kila mtu. Mtazamaji hawezi kusema ameona nini, lakini amepepesa jicho.

Gharama yake hailipwi na aliyeiandika. Yeye alikwishalipwa na yuko kwenye mradi mwingine. Inalipwa na fundi sauti, ambaye anapokea picha, anapanga mazungumzo, na kufikia dakika ya arobaini midomo na maneno vimepishana. Wa kwanza kulaumiwa ni kompyuta yake. Wa pili ni yeye. Anavuta sauti kwa mkono, kipande kwa kipande, usiku kucha, akirekebisha mteremko ambao ungeondoka kwa kubadili namba moja mahali ambapo hana ruhusa ya kufungua. Asubuhi kazi inapokelewa, na mistari kumi inahesabiwa kuwa imefaulu. Mara nyingi ushahidi kwamba "haijawahi kutuletea shida" ni huu tu: shida ilikwenda kwa mtu asiyehudhuria vikao vya madevelopa.

4. "Maktaba ya mtu ni hatari"

Ni kweli. Na left-pad ni mfano mbaya kwao. Kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno ni kazi ambayo jibu lake unalikagua kwa jicho. Ikikosea, unaona. Kanuni ya kuruka majina ikikosea, unaona kitu kinachofanana kabisa na taimukodi, chenye nukta pacha zote mahali pake. Vitu hivyo viwili vinalingana kwa urefu wa msimbo tu, na urefu wa msimbo haujawahi kuwa kipimo cha kitu kingine chochote.

Anayehofia mwandishi kutoweka ana njia za zamani: afunge toleo, anakili msimbo wenyewe ndani ya mradi kama leseni inaruhusu, aweke majaribio yake mwenyewe juu. Hizo ni kazi za asubuhi moja.

Tazama badala yake maisha ya mistari kumi. Mteja wa kwanza analeta 29.97, inaongezwa mistari sita. Wa pili analeta 59.94, ambako yanarukwa majina manne kwa dakika badala ya mawili, inaongezwa sharti. Wa tatu analeta fremu 50 kwa sekunde, na ikagundulika kwamba katika taimukodi ya asili tarakimu ya makumi ya fremu imepewa biti mbili tu, haiwezi kuvuka 3, kwa hiyo fremu huhesabiwa kwa jozi na kutofautishwa kwa alama ya pembeni. Masharti mengine matatu. Wa nne analeta harusi iliyovuka usiku wa manane. Baada ya mwaka kuna mistari mia tatu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, iliyoandikwa na kijana aliyehamia kampuni nyingine. Ukisikiliza kwa makini utasikia wakiiita "ile sehemu ya taimukodi". Hiyo ni maktaba. Haina jina, majaribio wala maelezo, na mtu pekee aliyeielewa hapokei simu. Tegemezi walilolikimbia wamelizaa wenyewe.

Na maktaba zilizopo, je, ni malaika? Hapana. Zipo zinazopokea 29.97 kama desimali na kukisia zenyewe kama unataka kuruka au la. Zipo zinazokubali majina yasiyokuwapo bila kelele. Nimeona watu wakiyatumia makosa hayo kuwa ushahidi: hata wao wanakosea, kwa nini niwaamini? Sawa. Waliokaa na jambo hili peke yake, wakapokea malalamiko ya watumiaji kutoka kila kona, bado wanateleza. Sielewi hilo linakuwaje hoja ya kuamini kitu kilichoandikwa kati ya barua pepe mbili.

5. "Siku hizi akili mnemba inaniandikia"

Itakuandikia, haraka, kwa adabu, na maelezo pembeni. Imejifunza kutoka kwa misimbo ya watu, na watu wenyewe ndio hawa tunaowajadili. Ukiitajia kanuni zote, kasi kama sehemu ya namba mbili kamili, mfumo unaoruka au usioruka, mpaka au katikati ya fremu, namba ya mwisho ihesabiwe au isihesabiwe, huenda ikakuandikia kitu kizuri sana. Lakini anayejua kuuliza hayo yote ameshaacha kusema ni kugawanya tu.

Kwa vyovyote, msimbo uwe umetoka kwa mashine, kwa jirani au kwenye maktaba yenye nyota elfu, usiupokee kwa sura. Weka 29.97, mfumo unaoruka, hesabu kuanzia sifuri. Fremu ya 1800 isomeke 00:01:00;02. Fremu ya 17,981 isomeke 00:09:59;29, na ya 17,982 isomeke 00:10:00;00. Fremu ya 107,892 isomeke 01:00:00;00, bila upungufu. Halafu geuza: upe msimbo jina 00:01:00;00 uuulize ni fremu ya ngapi. Jina hilo halipo, kwa hiyo msimbo unaojua kazi yake utakataa na kusema kwa nini. Ule unaozidisha sekunde kwa 30 tu utajibu 1800, ambayo ni fremu ya 00:01:00;02. Ule uliosikia habari ya kuruka ukaishia hapo utatoa mbili na kujibu 1798, namba ambayo tayari ina mwenyewe, 00:00:59;28, na utaijibu papo hapo, bila onyo lolote.